Wingu Jekundu na Mgomba wa Anaeli

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Huku Meru tuko salama, ila babu yako anasumbuliwa na mguu. Picha ya wingu jekundu la kule kwenye nyota uliyopiga kwa darubini nimeiona. Unauliza kama naamini nyota huzaliwa kwenye vumbi la nyota zilizokufa.

Mtoto wangu wa kwanza, Anaeli, tulimzika migombani kama ilivyo desturi yetu. Chipukizi la mgomba likaota juu ya kaburi, nikaling'oa kwa hasira. Mama mkwe akalipanda tena palepale. Ndizi zake ndizo nilizopikiwa mtori nilipomzaa baba yako. Niliunywa nikilia, na maziwa yakatoka.

Naamini, mjukuu wangu. Ila bado namtaka Anaeli.

Bibi yako