Nimemtundika Wifi Chini ya Sanamu ya Uhuru

Ijumaa, jioni. Rasharasha ya asubuhi imekwenda zake, jua limerudi na hasira zake, na mimi nimerudi na zangu. Feni ya studio inanipulizia joto lilelile. Sijapika na sina njaa. Nimeshiba kisasi, nataka nikiandike kingali cha moto.

Kwa aliyeingia ukurasa huu leo: naitwa Tatu, napiga picha hapa Nguvumali. Nina chumba kimoja, taa za mwavuli na mapazia niliyoyachora kwa mkono wangu. Watu wa Tanga hawaji kwangu kupigwa picha Tanga, Tanga wanaijua. Wanakuja kupigwa London.

Saa kubwa ya London wanaipenda mabwana harusi na vijana waliopata ajira, ati ukisimama chini yake waonekana mtu wa mipango. Daraja jekundu la San Francisco ni la wachumba. Jumba la muziki la Sydney, lile lenye mapaa kama makombe ya chaza, nililichora nikidhani litapendwa na wanafunzi, kumbe mteja wake mkubwa ni bibi mmoja wa Bweni, ng'ambo ya Pangani. Huvuka na pantoni kila Idi, yeye na wajukuu zake, kwa sababu lamkumbusha chaza alizokuwa akiokota utotoni. Mlima Meza wa Cape Town hauna mwenyewe. Wasambaa wakiuona wanacheka, wanasema huo ni mlima uliokatwa kichwa, twende Lushoto tukakuonyeshe milima.

Huko kote mimi sijafika. Nimeyatoa kwenye kalenda na kwenye simu. Wenye nchi zao wana maana zao juu ya vitu hivyo, na Nguvumali tuna zetu.

Sasa Sanamu ya Uhuru, ile ya New York.

Nilianza kuichora mwezi ule nilioandikiwa talaka. Mwanamke mrefu, kashika mwenge, hakumwegemea mtu. Nikasoma kwamba miguuni pake pana mnyororo uliokatika, na wengi hawauoni kwa vile wanamtazama kutoka chini. Mimi nikauchora mkubwa, pete moja moja, na kutu yake. Likawa pazia langu bora kuliko yote. Mabinti waliohitimu walitaka pale, aliyepata leseni ya udereva alitaka pale, hata mjane mmoja wa Pongwe alipomaliza eda alikuja, akasimama pale, akalia, akaniambia nipige hivyohivyo.

Mpaka Bi Zaina alipouona ule mnyororo.

Bi Zaina ni dada mkubwa wa aliyekuwa mume wangu. Ndoa ilikufa, uwifi ukabaki, maana mtaa ni uleule na bomba la maji ni lilelile. Siku hiyo alimleta binti yake, Saumu, kupigwa picha ya Idi. Alisimama mbele ya pazia, akautazama mnyororo kwa kituo, asiseme kitu. Akaenda kuyasemea kwenye shughuli, wanawake wanachagua mchele. Akawaambia Tatu kachora sanamu linalokanyaga ndoa, na mnyororo ule ndio nikahi. Bi harusi atakayepigwa picha kwenye studio ile hamalizi mwaka nyumbani kwa mumewe. Kama hamuamini, mtazameni Tatu mwenyewe, kaachika.

Mchele haujaiva, habari imeshafika Pongwe.

Bi harusi wakakatika. Si wa sanamu tu, wa mapazia yote. Mmoja alishafika mlangoni na hina zake mbichi mikononi, mama yake akamshika mkono akamgeuza kama anayemtoa mtoto barabarani. Nilikuwa nimeshawasha taa. Na studio bila bi harusi si studio, ni duka la picha za pasipoti. Mwenye nyumba ameshaanza kuniuliza, kwa upole wake ule unaoudhi, kama nina nia ya kuendelea na chumba.

Nitasema jambo ambalo sijamwambia mtu. Bi Zaina hakukosea sana. Mnyororo ule, nilipokuwa nauchora, nilikuwa namfikiria mdogo wake, yule aliyeniacha. Katika wote waliolitazama pazia langu, aliyelisoma ni Bi Zaina peke yake. Halafu akachukua alichokisoma akaenda kunizika nacho.

Nikaapa kwamba nitamlipa.

Nilikaa nacho kiapo changu muda mrefu bila kujua pa kukianzia, mpaka juma hili, Saumu aliponitumia sauti kwenye simu. Mtoto huyu nampenda, sifichi. Tangu ameweza kusimama nimempiga darajani kila Idi. Ukizifungua picha zake daraja ni lilelile, yanayobadilika ni meno. Sasa anaolewa. Jumapili ndiyo siku yake ya kutoka, na kwa sasa amewekwa ndani, anasingwa, haruhusiwi kuvuka kizingiti. "Mkazamjomba," akasema, ndivyo aniitavyo, na aliyeniacha ni mjomba, yeye hakuniacha. "Mkazamjomba, picha yangu ya kutoka naitaka darajani kwako. Mama ataka nipigwe kwingine. Nimemwambia basi, sipigwi kabisa."

Nikairudia sauti ile nikitabasamu peke yangu kama mwendawazimu. Mwali hatoki. Na shughuli ya mwali haitumwi mtoto wala jirani, lazima aje mtu mzima wa nyumba ile, akae, aseme. Baba mtu yuko safarini mpaka siku ya nikahi. Nani amebaki?

Nikamjibu: mwambie mama aje mwenyewe.

Alikuja Jumatano. Buibui jipya, mwavuli, udi umemtangulia mpaka ndani. Nikampa shikamoo yake kamili, maana ni mkubwa wangu na adabu sikuzikosa kwa sababu ya talaka. Akaitika marahaba akitazama dari. Akakaa kwenye kile kigoda cha picha za pasipoti, akaanza na mvua, akaenda kwenye umeme, akaja kwenye goti lake linalomsumbua. Nikamwacha azunguke. Chai sikumpa.

Mwisho akasema, "Wifi, mtoto amekataa."

"Nimesikia," nikamwambia. "Nitampiga. Daraja nitalipaka rangi upya kwa ajili yake. Ila nataka nikupige wewe kwanza."

"Mimi?"

"Wewe. Pale." Nikaivuta kamba, sanamu ikashuka yote, na mwenge wake, na mnyororo wake. Bi Zaina alirudi nyuma hatua kama aliyeona nyoka.

"Tatu, wataka kunifedhehesha."

"Ndiyo, wifi." Kwa nini nimdanganye? "Nitaitoa kubwa, nitaitundika mlangoni, Ijumaa watu wakitoka msikitini waione. Au useme mbele za watu kwamba ulinisingizia, na picha sipigi."

Nilimwona anavyopima. Upande mmoja binti yake wa pekee, upande wa pili mdomo wake mwenyewe. Nilidhani atalia. Nilikuwa nimejiandaa kuyaona machozi yale, nilikuwa na hamu nayo kama mjamzito ana hamu ya udongo. Yeye akainuka, akaenda kwenye kioo, akalivua buibui akabaki na gauni lake la kijani, akaufunga mtandio upya taratibu sana. Kisha akaenda kusimama palepale penye mnyororo, wala sikumwelekeza.

"Sikusema uongo," akasema. "Piga."

Nikapiga. Mara moja tu, nikazima taa. Aliondoka hajaniaga.

Leo nikaitundika. Kimo cha mtu mzima, nyuma ya kioo cha mlango, nikaingia ndani nikakaa kwenye kigoda kungoja. Loo, nusu saa ile ya kwanza! Wallahi sijapata kunywa kitu kitamu hivyo. "Si Bi Zaina huyu?" "Yuleyule aliyesema?" "Ah, hebu sogea nione." Dereva wa bajaji alisimamisha na abiria wake ndani. Wanawake wawili walicheka mpaka wakashikana. Nilikuwa nasikia kila neno kupitia mlangoni, na kila neno lilikuwa linanikanda mgongo.

Halafu akaja mwenyewe.

Alikuja na kundi zima la wanawake wa shughuli, walewale wa mchele. Nadhani alitaka ayamalize kwa pamoja. Akasimama mbele ya picha, vicheko vikakatika. Akaitazama, akaitazama, mimi ndani namchungulia. Nikasema sasa hivi atajifunika uso, sasa hivi.

"Mwaona?" akasema. "Kumbe nina shingo."

Nikatoka kibarazani. Nikaitazama picha yangu mwenyewe, safari hii kwa macho ya mpiga picha. Nilipoitoa niliona aibu yake tu, sikuona kitu kingine. Ni nzuri. Ni nzuri mno. Ile hasira aliyokuja nayo ilimnyoosha mgongo na kumwinua kidevu, na mwenge umekaa juu ya bega lake kama umewashwa kwa ajili yake. Miaka yote hii napiga watu ninaowapenda, na picha yangu bora nimempiga mtu nisiyeweza kumtazama bila kuuma meno.

Mmoja wao, mwenye ulimi, akamuuliza. "Bi Zaina, na ile nuksi uliyotuambia?"

Nikasema, haya, sema. Ndilo neno nililolingoja. Sema mbele yao.

"Nuksi?" akasema Bi Zaina. "Mimi? Mimi mwanamke wa kuogopa kitambaa? Nuksi ni ya waoga."

Yaani! Nilitaka kuchukua kile kigoda. Hakukiri, hakuomba radhi, aliyapangusa yote kama makombo kwenye mkeka, na wale wanawake, walewale waliokula na kusambaza, wakatikisa vichwa, ati kweli, uoga tu. Hapohapo mmoja akaniuliza kama Jumamosi ijayo nina nafasi, ana binti yake. Mwingine akasema dada yake wa Pongwe anaoza binti mwezi ujao. Nikajibu nafasi ipo, karibuni, kwa sauti ya dukani. Chumba nitabaki nacho. Bi harusi wamerudi. Nililolipigania nimelipata, na bado halinitoshi.

Walipotawanyika, yeye akaingia ndani. Hakukaa.

"Wifi," akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo, sikuwahi kuisikia hivyo. "Nitolee na mimi moja. Niweke chumbani."

Nikaanza kukunja nyaya za taa.

"Sina picha yangu," akasema. "Zote nimemshika mtoto wa mtu."

Ni kweli. Nimempiga harusi ngapi, Idi ngapi, nami najua: Bi Zaina daima yuko pembeni, kambeba fulani, anamsawazisha fulani mtandio, nusu ya uso imekatwa. Kwa dakika moja nililainika. Nakiri. Mkono wangu ulikuwa umeshafika kwenye kompyuta, kubonyeza tu, na mashine ingetoa. Ningempa na angefurahi, tungelia pale wawili, mtaa ungesema masha'Allah.

Kisha nikamkumbuka yule bi harusi mwenye hina mbichi, anavyogeuzwa mlangoni kwangu, ananitazama kwa juu ya bega kama nina ugonjwa.

"Ng'o," nikamwambia.

Akashtuka.

"Jumapili wanawake wote watakuwepo ukumbini. Simama, useme: nilimsingizia Tatu. Maneno hayohayo, usiyapambe. Ukishasema naitia fremu naileta mwenyewe nyumbani kwako. Usiposema, picha ni yangu na itakaa palepale. Ukitaka kujiona, utakuja mlangoni kwangu usimame juani kama mpita njia."

"Una roho mbaya, Tatu."

"Ninayo, wifi."

Akatoka.

Nimejiuliza tangu hapo kama nimevuka mpaka. Saumu nitampiga Jumapili kwa moyo wangu wote, hilo halina shaka, rangi ya daraja imeshakauka. Mama yake ndiye sijui. Watu wazuri husamehe wakishapata chao. Mimi nimepata changu nikagundua nilikuwa nataka kitu kingine, neno moja tu kutoka mdomo uleule, na mdomo ule naujua, ni mgumu. Ya Sanamu ya Uhuru mimi najuaje, pengine kwa wenyewe ni wageni wanaokaribishwa bandarini. Kwangu leo ni mwanamke aliyekataa kushuka pale alipopandishwa, na kila nikimtazama sijui kama namwona yeye, au Bi Zaina, au mimi.

Naandika haya nikiwa nimekaa mbali kidogo na mlango. Bi Zaina yuko ng'ambo ya barabara. Anajifanya anangoja bajaji. Imepita moja, ikapunguza mwendo, akaipungia mkono iende. Imepita nyingine. Anatazama huku, anaweka mtandio sawa, anainua kidevu kidogo, vilevile kama pale kwenye picha.

Simwiti ndani. Ila kesho nikifungua, kabla ya jambo lolote, nitakipangusa kioo vumbi, ajione vizuri.