Kibuyu cha Makumbusho na Mdomo Wangu

Mama Cherono wangu,

Nimekupigia simu ikaita mpaka ikachoka yenyewe. Si neno. Kwenye simu mimi huropoka, nawe unajua, na safari hii nataka kila neno nilitafune kwanza kabla halijakufikia. Ndiyo maana nimeomba karatasi kwa jirani nikakaa nazo hapa jikoni. Boito mvua imenyesha tangu saa sita na hakuna anayenisumbua. Hakuna kabisa.

Nakumbuka ulivyokuja steji ya Kericho kunipokea Jumamosi ile, umemshika Kiprop mkono, na Cherono amevaa sweta nyekundu niliyomfumia, ingawa mikono ilishakuwa mifupi. Ulimvalisha kwa ajili yangu. Niliona. Ilikuwa imepita miezi minane tangu uhamie mjini kwa wazazi wako na watoto, na mwaka na nusu tangu tumzike Kibet, mwanangu, mume wako. Wewe ndiye uliyesema twende makumbusho ili watoto waone vitu vya kwa baba yao. Wazo hilo halikuwa langu. Mimi ningewanunulia chipsi tukae mahali.

Nilifurahi siku ile. Nakumbuka makumbusho yenyewe, ile nyumba ya zamani ya meneja wa shamba la chai, na sakafu ya mbao iliyolia kila tulipokanyaga. Kiprop aliingia kwenye kikapu cha kuchunia majani chai, kile kikubwa cha kubeba mgongoni, akakataa kutoka. Ukamwomba kijana aliyekuwa akitutembeza amweke kwenye mizani, apimwe kama majani mengine. Tulicheka mpaka nikashika ukuta. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza mimi na wewe kucheka pamoja tangu mazishi.

Halafu tukafika kwenye kabati la kioo. Kijana akaeleza kwamba kibuyu kile kinaitwa sotet, na kwamba watu wa zamani walikitumia kugandishia mursik, maziwa yetu ya kienyeji. Cherono akakitazama, akanitazama, akamuuliza kijana ni nani aliyeiba kibuyu cha kogo, yaani cha bibi yake. Asubuhi hiyo hiyo nilikuwa nimeosha changu na kukisugua ndani kwa mkaa wa mti wa senetwet, na sasa naambiwa mimi ni mtu wa zamani. Nikavimba kichwa. Nikamnyang'anya kijana kazi yake. Wageni wengine wakasogea kusikiliza, na mimi nikishapata wa kunisikiliza siachi mpaka nimalize yote.

Ningeishia kwenye mti na maziwa. Lakini nikawasimulia na habari yako. Jinsi ulivyoolewa Boito, ukataka kumgandishia mume wako maziwa kama wanawake wa huku, ukasugua sotet kwa makaa ya jiko, yale ya kununua kwa gunia. Maziwa yakatoka na mchanga mweusi na uchungu wa dawa. Nikaigiza hata uso ulioufanya ulipoyaonja. Watu wakacheka. Kiprop akavuta sketi yangu akauliza kama baba aliyanywa. Nikamjibu, "Wapi. Alimwagia mbwa."

Wewe hukucheka. Uliinama ukamfunga Kiprop kamba ya kiatu iliyokuwa imefungwa tayari. Baadaye ulitupeleka kula, ukaninunulia mkate wa kurudi nao nyumbani, ukanisindikiza hadi steji. Hapo ndipo uliponiambia, kwa sauti ya chini ili watoto wasisikie, "Mama, aliyanywa yote. Mimi nilikuwa hapo." Nikajifanya natafuta kitambaa changu kwenye mfuko. Gari likajaa, nikaondoka.

Sasa ni miezi minne. Mwanzoni nilikukasirikia. Nilisema moyoni kwamba una maringo ya watu wa mjini, kwamba mtu hawezi kutaniwa kidogo. Hasira hiyo ilinifaa kwa wiki mbili hivi. Ikaisha, nikabaki na nyumba.

Bado nagandisha maziwa kwa kipimo cha watoto, mkono umekataa kujifunza kipimo kingine. Nikifungua nakunywa kikombe kimoja, yaliyobaki nampelekea jirani, naye ameanza kuniambia asante, yanatosha. Nikirudi kutoka kituo cha kupimia majani chai napiga hodi kwenye mlango wangu mwenyewe, halafu nasimama pale kama mjinga. Nina upweke, Wanjiru. Sikuujua vizuri nilipokuwa na watu wa kugombeza.

Kuna kitu hukijui. Kesho yake baada ya maziwa yale, Kibet alikuja hapa jikoni. Nilikuwa nimekwisha kuona kibuyu kilivyoharibika, nikaanza kucheka. Yeye hakucheka. Alisimama hapo karibu na meko akaniambia, "Mama, muonyeshe mti. Anataka kujua, na anaogopa kukuuliza."

Nikamwambia nitakuonyesha. Senetwet uko hapa nyuma ya zizi, hata chai haiwezi kupoa kabla hujafika. Sikukuonyesha wiki ile, wala mwaka ule, wala miaka yote uliyokaa nami. Tangu siku ulipoolewa, kila mara nilipokwenda kukata kijiti nilikutuma kuteka maji kwanza. Nilitaka kiwepo kitu kimoja ambacho mwanangu angelazimika kukifuata kwangu. Mengine yote ulikuwa nayo wewe. Naona aibu kuandika hivi, lakini ndivyo nilivyokuwa nikiwaza, na nilikuwa mtu mzima, mwenye kuimba kwaya kila Jumapili.

Kwa hiyo maziwa yale niliyaharibu mimi, halafu nikakucheka. Na nilimdanganya mtoto kuhusu baba yake, mtoto ambaye hana njia ya kumuuliza mwenyewe.

Sikuombi uwalete Boito. Jumamosi nitashuka Kericho nije dukani kwa wazazi wako. Usinipikie chochote. Nipe tu nafasi niketi na Cherono na Kiprop, wewe ukiwa hapo hapo unasikia, na wazazi wako pia, na wateja kama watakuwepo, kwa sababu nilikucheka mbele za watu. Nitawaambia baba yao aliyanywa yote, na mchanga wake, kwa sababu mama yao ndiye aliyeyatengeneza.

Na ukiona ni afadhali nisiingie, niambie mlangoni. Sitabishana. Nitawaambia nikiwa nimesimama nje.

Baki salama, na uwafunike watoto vizuri, baridi ya msimu huu si ya mchezo.

Ni mimi mkwe wako,
mama yake Kibet