Nilisema Chai, Nilitaka Kusema Chama

Mpendwa Maman Cibalonza,

Ninakuandikia kwa aibu, naomba msaada wako mbele ya tarehe makumi tatu ya mwezi huu, kwa sababu nyuma ya siku hiyo hata ushauri mzuri hautanifaa tena. Mimi ni karani wa miaka makumi mbili na sita, ninakaa Kasha na ninafanya kazi katika ofisi moja ya serikali hapa Bukavu, na tangu shule ya secondaire ninapenda historia ya China ya nyakati hizi kuliko mpira na muziki, nimesoma kila kitabu nilichokipata kwa mapadri, mpaka mwaka uliopita nikaandika kurasa kumi na mbili juu ya wasomi wa China waliofutiwa mtihani wao wa serikali mwaka wa 1905, wengine wakiwa wameusomea nusu ya maisha yao, nikazituma Bruxelles kwa chama cha wasomi wanaochunguza historia hiyo, na Maman, wamenijibu! Wananikubali kuwa mwanachama, wanataka tu attestation de service, karatasi ya kuonyesha kwamba ninafanya kazi hapa, yenye sahihi ya chef wangu, itumwe kabla ya tarehe makumi tatu.

Furaha ilinipoteza akili. Wakati wa pause, tukipumzika, nilimwambia maman Mwanvita, dactylo wetu anayepiga barua kwa mashine, "Nimeingia chama cha Wachina." Akaweka kikombe chini. "Chama? Mu hii inchi chama iko moja tu, tulizaliwa ndani yake, na wewe unaenda kuingia ingine?" Watu wakacheka, mimi nikatazama mlango wa chef, maana nyumbani baba akisikia neno Wachina anakumbuka uasi wa mwaka wa 64, uliosemwa Wachina waliusaidia, na kufunga dirisha, na mara chef wetu, citoyen Amuri, akatoka ofisini mwake: "Citoyen, nasikia uko na chama?" Mdomo wangu ukajibu wenyewe: "Hapana, citoyen chef, nilisema chai. Chai ya China."

Sasa ni wiki mbili, kila asubuhi ananiuliza mbele ya wote, "Chai yetu itafika lini?" na amekwisha kumwambia mke wake. Nitamwombaje sahihi? Nikisema kweli, mimi ni mwongo na labda mpinzani. Nikinyamaza, ninapoteza kitu pekee nilichokipata kwa kalamu yangu mwenyewe. Barua iko katika mfuko wa koti, imeanza kupasuka kwenye mikunjo. Nifanye nini?

Karani wa Kasha

Karani wa Kasha,

Pole. Nimecheka mpaka jirani akaja kuuliza iko nini. Kisha nikasoma tena na nikakasirika. Mtu anaandika kurasa kumi na mbili zinazowafurahisha wasomi wa Bruxelles, halafu anashindwa na neno moja?

Kwa Kiswahili chetu chama cha kuzikana, chama cha mpira na kile chenye bendera, vyote tunaviita chama. Lakini barua yako ni ya Kifaransa. Angalia vizuri, nadhani wameandika société, chama cha wasomi, si parti, chama cha siasa. Na kwa nini "cha Wachina"? Umesema mwenyewe wako Bruxelles! Hilo ni kosa la ulimi. Chai ni uongo, usinitafutie jina lingine.

Baba yako usimcheke, mwaka ule ulitisha. Lakini leo wageni wa China wanapokewa Kinshasa kwa ngoma. Na fikiri kidogo: chef anayemshuku mtu haulizi habari za chai mbele ya ofisi nzima. Huyo anakutania, mutoto.

Nunua pakiti moja ya chai ya milima yetu. Andika attestation mwenyewe, maman Mwanvita aipige kwa mashine. Yeye alianzisha kelele, azimalize. Asubuhi, kabla citoyen Amuri hajauliza, ingia, weka pakiti mezani: "Citoyen chef, chai iko hii, lakini ni ya kwetu. Ile ya China ilikuwa uongo, niliogopa. Kweli iko mu hii barua." Umpe aisome mwenyewe, na usianze kumweleza wafalme wote wa China. Atakukaripia. Kubali, amengoja chai wiki mbili. Kisha umpe attestation atie sahihi.

Wale wasomi wako wa 1905 walifika mlangoni wakakuta umefungwa, na hawakuwa na kosa lolote. Mlango wako uko wazi, hatua chache tu toka meza yako. Piga hodi.

Maman Cibalonza