Sisimizi Wako Hawana Kosa

Mwanangu,

Chakula kiko kwenye sufuria ya bluu, kipashe moto. Vua sare kabla hujala.

Sisimizi wako ni wazima. Kichupa chao ~~nimekiweka bafuni~~ nimekirudisha kwenye droo yako, gizani. Usikitikise, kimetikiswa vya kutosha leo.

Asubuhi nilipokuta sisimizi kwenye kopo la sukari, sikuuliza. Nilinyakua kichupa chako nikaenda nacho kwenye sinki niwamwage. Ukalia, "Mama, malkia wangu!" Nami nikakujibu kwamba humu ndani malkia ni mmoja tu. Ukaenda shule bila chai, bila kuniaga.

Ulipotoka ndipo nikatazama vizuri. Pamba ya mdomo wa kichupa imeziba vilevile ulivyoiweka. Nikahesabu: malkia na watoto wake tisa, wote weusi. Wezi wa sukari ni wekundu, wanapitia kwenye ufa wa dirisha. Wako nimewasingizia bure.

Na kichupa kilipotulia, unajua walifanya nini? Hakuna aliyejificha. Waliokota mayai yaliyotawanyika, moja moja, wakampelekea mama yao. Nilisimama pale nikitazama mpaka nimechelewa, na wateja wananisubiri kwenye cherehani.

Nimefungua pamba, nikawawekea tone la maji ya asali, dogo kama kichwa cha pini. Nzi wao wa kula wape wewe, mimi kumkatakata nzi siwezi.

Wao nimewaomba radhi kwa asali. Wewe nitakuomba kwa mdomo wangu jioni. Usilale kabla sijarudi.

Mama yako