Nimempa Mji wa Bondeni

Jumamosi, kesho Pasaka. Mvua tangu alfajiri, Kyela yote ni tope, na mimi nimefura.

Nimefura hata nimejiunguza mkono kwa pasi ya mkaa. Nitaandika mpaka hasira ishuke. Isiposhuka, basi, nitalala nayo.

Wewe shajara yangu unaujua mchezo wetu wa Jumamosi. Madereva wa malori ya mpunga wakishapakua, na mume wangu akishafunika mizani, watu hukaa kwenye baraza la duka letu hapa Mbugani wakategeana vitendawili vya magari. Si vile vya shuleni vya kuku na yai. Ni magari tu, hasa yale ya zamani yaliyopita huku kabla barabara haijawa barabara. Mmoja ataiga honi, mwingine atakohoa kama injini inayopanda kwenda Tukuyu, mwingine ataleta kipande cha chuma ndani ya gunia, mkipapase na kutaja kilitoka gari gani. Ukishindwa unatoa mji kama ilivyo desturi, na aliyetega anautawala kwa maneno yake mpaka mbavu ziwaume. Mimi hujibu kutoka ndani, nyuma ya kaunta, na mara nyingi napata, wala wanaume hawanuni. Ni mchezo mzuri. Ulikuwa mzuri.

Leo Ambakisye kaja na gunia. Huyu ni dereva wa lori la mpunga, tena mzee wa kanisa, mtu ambaye hata akikuuliza habari za asubuhi utadhani anatoa matangazo. Kitendawili. Tega. Tukapitisha mikono guniani mmoja mmoja. Mimi nilipogusa tu nikajua. Taa ya mbele, ya shaba, pana kama sahani ya wali, ukingo umebonyea upande mmoja. Taa hiyo niliisugua kwa majivu na ndimu nilipokuwa mdogo, baba akiwa amesimama pembeni akinionyesha nilipoacha uchafu. Mafuriko ya juzi ndiyo yaliyoifukua huko mtoni.

Nikasema, ni Kobe. Lile gari la yule Bwana Shamba wa Kizungu wa zamani, lenye paa la turubai.

"Bado," akasema Ambakisye. "Nipe mji."

Nilishangaa, lakini mchezo ni mchezo. Nikampa Mwaya. Akautawala: kaenda Mwaya, kapokewa kwa ngoma, kala samaki mbasa wa kuchoma, katandikiwa mkeka mpya. Kisha akatoa jibu lake.

"Gari la Mlevi."

Baraza zima likacheka. Mume wangu naye akacheka.

Huyo mlevi wanayemsema ni baba yangu mzazi.

Baba alikuwa dereva wa Kobe. Siku ile mto ulikuwa umejaa, yeye akashuka na fimbo akapima maji, akarudi akamwambia bwana wake kuwa hapapitiki. Bwana alikuwa na chupa yake tangu asubuhi. Akamwamuru baba atoke kwenye usukani, akaketi mwenyewe, akaliingiza gari majini. Baba ndiye aliyemvuta kwa mkanda wa suruali mpaka ukingoni. Halafu yule mtu akaenda kusema kwamba dereva wake alikuwa amelewa. Chupa ikaonekana, gari limezama, dereva ni Mwafrika. Nani angeuliza zaidi? Bwana Shamba akahamishwa, baba akafukuzwa kazi.

Kazi aliisahau. Kilichomuumiza ni kanisa. Wazee walimtenga na Meza ya Bwana mpaka atakapotubu ulevi wake mbele ya watu. Neno moja tu lilitakiwa, nimekosa, na baba hakulisema. Alisema hawezi kumdanganya Mungu ili awafurahishe wazee. Tangu hapo kila Jumapili hukaa nje chini ya dirisha, mvua au jua, na nyimbo zote anaziimba besi akiwa huko huko nje. Mimi nimepata kipaimara, nimeolewa, nimemzika mama, na kila mara sauti ya baba imenijia kupitia dirishani.

Halafu watu wanacheka. Ama kweli mkuki kwa nguruwe.

Sikulia. Nilitoka nyuma ya kaunta mpaka barazani, nikamwambia Ambakisye anirudishie Mwaya yangu, nimebadilisha.

"Chukua Bondeni," nikasema. "Na huu hautautawala kwa maneno. Utaenda kwa miguu yako, na taa yako, umpe mwenye gari jibu lako usoni."

Baba anakaa Bondeni, kila mtu anajua. Kicheko kikakatika. Ambakisye akasema huo si mchezo. Lakini wale wale waliocheka wakaanza, mji umeshatolewa, mji umeshatolewa, kwa sababu watu wa baraza wanapenda kuona mtu akikwama, awe nani. Akajifunika gunia kichwani, tukatoka mvuani, mimi mbele.

Nilitegemea nini? Nilitegemea baba awake, angalau mara moja maishani mwake. Wapi. Alikuwa ameketi kibarazani kwake anachambua maharage. "Ugonile," akamsalimu yule mtu, akamsogezea kigoda, akamwambia ndizi ziko jikoni zinakaribia kuiva. Nilitamani kulia. Ambakisye akaitoa taa. Baba akaipokea kwa mikono miwili, akaifuta kwa pindo la shati lake, akapitisha kidole pale ilipobonyea.

"Hii ya kushoto haikuwahi kuwaka," akasema. "Nilikuwa nawasha ya kulia tu."

Ambakisye alikohoa. Na hapo akauliza swali la udereva. Alisema aliwahi kukaa ndani ya mabaki ya Kobe pale mtoni kabla mchanga haujayafunika, na yeye na urefu wake wote alinyoosha mguu ndipo akafikia pedali. Tata, yaani baba, aliwezaje?

Baba akaonyesha kwa kidevu. Ndani, penye mtungi wa maji alioufinyanga mama kwao Ikombe. Mtungi ule chini ni mviringo, haukai wenyewe, na tangu niko mtoto umeegemezwa kwa jiwe na vigogo viwili vyenye mikanda ya ngozi. Nimevifagia pembeni miaka yote bila kuviuliza habari.

"Nilikuwa navifunga kwenye pedali," baba akasema. "Bwana alipotaka kuendesha mwenyewe, aliniambia nitoe takataka zangu. Gari lilipozama vilikuwa mkononi mwangu."

Ambakisye alimtazama baba. Baba akasimama kwenda kupakua ndizi, na alipokuwa amesimama kichwa chake kilikuwa sawa na kichwa cha yule mwingine aliyekaa kwenye kigoda. Dereva hahitaji kuelezwa zaidi ya hapo. Nilimwona anapiga hesabu ya mguu na pedali: bila vigogo baba hafiki, na vigogo havikuzama na gari.

Aliomba aazimwe vile vigogo ampelekee mchungaji. Baba akampa, na ndizi juu yake.

Hapa ndipo hasira yangu ilipopanda badala ya kushuka. Vigogo! Ina maana mpaka vigogo? Baba ana miguu hiyo hiyo tangu amezaliwa. Wamemwona misibani, wamemwona shambani, wamemwona pale chini ya dirisha kila Jumapili ya Mungu. Watu wanaojua gari kwa kikohozi chake hawakuwahi kumtazama mtu waliyemhukumu.

Jioni karudi, akanikuta bado niko kwa baba. Mchungaji amesema Tata aje kesho, aingie, ashiriki Mezani. Ila, Ambakisye akashusha sauti, ambayo sikujua kama inashuka, wanaomba tusilifanye jambo hili kubwa. Wale wazee waliomtenga sasa ni watu wa umri, itakuwa aibu kwao.

Kumbe. Kumtenga walimtenga mbele ya kanisa zima, jina likatajwa na ukoo ukatajwa. Kumrudisha, kimya kimya, kwa heshima ya wazee.

Baba akasema, "Ndaga fijo." Asante sana! Nilisimama nikamwambia Ambakisye maneno ambayo hapa siyaandiki kwa sababu ni mkesha wa Pasaka. Baba hakunikemea. Alingoja nimalize, akaniomba nimpigie pasi shati lake jeupe, lile la harusi yangu.

Ndilo ninalolipiga pasi sasa, nimerudi kwangu. Mume wangu kaja mara ngapi sijui, analeta maji, analeta mkaa, anasimama mlangoni. Sijamjibu. Asubiri.

Vigogo vimebaki kwa mchungaji, kwa hiyo kule kwa baba mtungi wa mama ulikuwa umekaa upande. Nikachukua taa ya Kobe, nikailaza chali chini yake. Mtungi umekaa sawasawa, hautikisiki.

Kola imekaa vizuri. Kesho ataingia kwa mlango, na besi yake nitaisikia ubavuni mwangu. Akiinuka kwenda Mezani nitainuka naye, na atakayenong'ona, mzee au kijana, nitamwambia anipe mji.