Basi la Meli Liliondoka Bila Mama

Spånga, Stockholm
Jumapili

Kwako Kaka Eliamini,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mgongo umetulia, wifi hajambo na wanafunzi wake, na mvua imewafikia. Sisi huku wazima. Ni majira ya joto, jua linakataa kuzama, na watu wanatembea barabarani kama waliofunguliwa. Neema wetu amepoteza meno mawili ya mbele na anajivuna nayo kuliko alipokuwa nayo. Barua anakuja nayo Mzee Elisante wa Upplands Väsby, anayekuja likizo. Usimwulize zaidi, hajui kilichomo.

Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza mara mbili. Uliuweka kwenye kundi la ukoo, kwa hiyo nao wameusikia, na shangazi amenipigia kuniuliza kama ni kweli nilimwiba Mama bandarini. Nakujibu kwa barua kwa sababu kwenye kundi watu hudakia kabla mtu hajamaliza sentensi. Sitaomba radhi. Nitakueleza yaliyotokea kwa mpangilio wake, kama nilivyofanya miaka yote niliyokaa chumba cha habari, kisha uamue mwenyewe.

Naanza na meli, kwa kuwa ndiko ulikoanzia.

Meli kubwa kama ile waliyopanda Mama na wakunga wenzake wastaafu haifiki Stockholm mjini. Inafunga Nynäshamn, mji mdogo kusini, mwendo wa saa moja hivi kwa treni. Abiria akishuka ana njia mbili. Ya kwanza ni basi la meli. Wanakwenda mjini, wanaonyeshwa mitaa ya kale na jumba la makumbusho, wanalishwa, wanarudishwa. Bei yake ni kubwa, lakini inanunua kitu kimoja cha kweli: basi hilo likichelewa, meli inalisubiri. Njia ya pili ni kutoka kivyako. Unakwenda unakotaka, unakaa unavyotaka, na ukichelewa meli inaondoka. Hapo umesema kweli na sijawahi kukubishia.

Unapokosea ni kudhani kwamba anayetoka kivyake anatoka amefumba macho. Wiki moja kabla nilipanda treni kutoka hapa Spånga mpaka Nynäshamn na kurudi. Ni treni moja, hakuna kubadilisha. Nilimwuliza mlinzi wa lango la bandari ngazi ya meli huondolewa lini. Nilimwambia Mama asiache chumbani pasipoti wala dawa zake za presha, ili ikitokea meli ikatuacha, tuvuke jioni ileile kwa meli ya kawaida mpaka Helsinki, bandari yao iliyofuata, tuikute huko. Haya yote nilikueleza kwa simu. Ulisikiliza mpaka mwisho, ukasema, "Mama anakaa na kundi. Wewe nenda kamwone pale makumbusho, mpige picha."

Kaka, mtu anatoka Usangi mpaka Ulaya, halafu bintiye akamsalimie kwenye foleni ya makumbusho?

Sasa tuseme lile ambalo hatukulisema kwenye simu. Wewe hukuogopa meli. Uliogopa Mama asije akafika nyumbani kwa mume wangu, Bisimwa. Mshenga wake amekuja kwako Kimara mara mbili. Mara ya kwanza ulikuwa na kikao, mara ya pili ulikuwa na msiba. Sisi tumefunga ndoa bomani huku, Neema ana miaka saba, na mpaka leo hujasema ndiyo wala hapana. Ulimwambia shangazi kwamba huwezi kumpa dada yako mtu wa Bukavu ambaye hujui kwao. Mtu aliyekuja kukueleza kwao hukumpa hata kiti. Na unajua vizuri kwamba kwetu mama mkwe hakanyagi nyumba ya mkwe kabla posa haijajibiwa. Ukanyamaza, ukajua kimya chako kitafunga mlango. Tiketi ya basi la meli uliikata iwe komeo la pili.

Asubuhi ile nilikuwa bandarini mapema. Mama alishuka na lile koti lake la kijivu, kwenye kifua wamembandika karatasi yenye namba ya basi. Mwenyekiti wao, Mama Namsifu, alikuwa amesimama mlangoni mwa basi akihesabu watu kama vifaranga.

"Mama Eliamini, panda, kiti chako ni kile cha dirishani."

"Mimi nakwenda kwa binti yangu."

"Eti kwa nani? Mwanao amenipigia jana, amesema usitoke kwenye kundi. Ukipotea nitamwambia nini?"

"Mwambie nimezaa wawili, si mmoja."

Wenzake ndani ya basi wakacheka. Mmoja akapiga kelele dirishani, "Mwache aende! Sisi tutaangalia majumba ya kale, yeye akaangalie mjukuu!" Basi likaondoka na kiti kimoja kitupu ulichokilipia wewe. Kwa hicho nakupa pole ya kweli.

Ndani ya treni Mama alitazama abiria kwa muda, kila mtu na simu yake, hakuna anayesema neno. Akaniinamia.

"Hawa wamefiwa?"

"Hapana, Mama. Ndivyo wanavyosafiri."

"Behewa zima?"

Tulipofika kwangu, ghorofa ya pili, Bisimwa alikuwa ameshafungua mlango. Alivaa shati jeupe, na yeye shati jeupe hulivaa kanisani tu, maana kazi yake ni kutengeneza lifti. Mama akamsalimia vizuri, akamkumbatia Neema, akamwuliza, "Unanijua mimi ni nani?" Mtoto akajibu kwa Kiswidi, "Mormor." Nikamwambia Mama kwamba ndilo neno lao la bibi mzaa mama. Akafurahi. Kisha akasimama palepale, ncha za viatu vyake kwenye kizingiti, wala hakuvuka.

"Eliwaza, huyu mtu amejibiwa?"

"Hapana."

"Nani hajamjibu?"

"Unamjua, Mama."

Akarudi nyuma hatua moja. "Basi tutaongea hapahapa."

Nakiri kosa langu. Nilikuwa nimepiga hesabu ya treni, bandari, pasipoti na dawa, sikupiga hesabu ya kizingiti. Nilidhani akishafika mlangoni ataingia tu. Bisimwa hakubishana naye. Alisema, "Mama, kama hamuingie, nyumba itatoka yenyewe ikuje kwenu." Akatoa viti, akatoa meza ndogo ya jikoni, akaviweka pale kwenye korido ya ngazi. Jirani wa juu akapita na mbwa wake, akaruka miguu yetu, akasema habari za asubuhi kana kwamba watu hula ngazini kila siku.

Sasa sikiliza hili, maana Mama Namsifu halijui na hakuweza kukusimulia. Mama alikuwa ametoka melini na chai vikombe viwili, kisha treni saa nzima. Alianza kukaa upande. Nikamnong'oneza, "Mama, choo kipo hapo ndani, mlango wa kwanza kushoto." Akatikisa kichwa. Nikamwambia, "Mama, ni choo, si sebule." Akasema, "Choo kiko nje ya nyumba?"

Mlango wa pili anaishi mjane wa Kiswidi, jina lake Gunnel. Alikuwa amefungua kuona kelele ni za nini. Neema akamweleza kwa Kiswidi, bila haya, kwamba bibi yake anataka kwenda haja lakini kwetu haruhusiwi. Gunnel hakuuliza kwa nini. Alifungua mlango wake wote, akampa Mama mkono, akamwingiza.

Mama alikaa humo kidogo. Aliporudi hakukaa kwenye kiti. Alisimama katikati ya milango miwili, mmoja ametoka, mwingine hajaingia.

"Nimekanyaga nyumba ya mtu ambaye hata jina lake siwezi kulitamka," alisema. "Amenipa na taulo. Nyumba ya mwanangu naiogopa." Kisha akamgeukia Bisimwa. "Baba, kwenu ni wapi?"

"Bukavu, Mama. Kule Kadutu."

"Wazazi wako?"

"Baba alishakufa. Mama iko. Anawasalimia sana."

"Mwanangu anamjua?"

"Anamujua. Wanaongea kila Jumapili, mpaka mimi wananisahau."

"Amemkubali?"

"Alimukubali siku ya kwanza. Alisema mimi ndiye wa kuangaliwa."

Mama akacheka, Kaka. Akasema, "Basi mwenzangu alishajibu zamani. Mimi ndiye niliyechelewa. Baba yao angekuwa hai angekujibu siku ileile uliyobisha. Hayupo. Nimebaki mimi, na mimi nimekubali." Akavua viatu kama wafanyavyo watu wa huku, akaingia.

Alikula makande. Aliyapika Bisimwa usiku uliotangulia, nilimwelekeza mimi. Mama alitafuna taratibu, sisi tunamtazama kama wanafunzi wanaosubiri matokeo. Akauliza, "Haya yamepikwa na mwanamume?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Yameiva," akaongeza mengine. Alilala kidogo kwenye kitanda changu, Neema amejikunja mgongoni kwake. Alikagua makabati. Alisema mapazia yangu ni mafupi.

Sasa kuhusu kuchelewa. Mama Namsifu amekwambia Mama alikaribia kuachwa. Ni hivi: tulitoka nyumbani tukiwa na muda wa kutosha. Bisimwa akakataa mkwe wake aende bila kusindikizwa, Neema naye akavaa viatu, Gunnel akashuka mpaka mlango wa chini. Kituoni Mama akaaga, akakumbuka jambo, akaaga tena, akamwombea Bisimwa dua palepale jukwaani. Treni ikaja, ikafunga milango, ikaenda, sisi tumeinamisha vichwa. Tukapanda iliyofuata. Kosa hilo ni letu sote wanne na sioni wa kumlaumu. Kutoka stesheni ya Nynäshamn mpaka bandarini tulikwenda haraka, Bisimwa amebeba mkoba na kumshika Mama mkono. Mama alikuwa abiria wa mwisho kupanda. Ngazi ilikuwa bado chini. Wa mwisho si aliyeachwa. Mama Namsifu alikuwa juu akipunga mikono yote miwili, na nadhani simu ya kwako alishaipiga.

Ungeniuliza kama ningefanya tena, jibu ni ndiyo, kesho. Ningempeleka kwa treni ileile. Basi la meli lingemrudisha salama, na angefika Usangi na picha za majumba bila kujua mlango wangu una rangi gani.

Kabla hajapanda ngazi aliniambia nikuandikie maneno haya, nayanukuu kama alivyoyasema: "Mwambie Eliamini mshenga anakuja mara ya tatu. Ampe kiti na chai. Asijisumbue kutafuta jibu, jibu limeshatoka. Mgeni anakuja kusalimia tu." Mshenga nimeshampigia. Atakuja kwako Jumamosi baada ya barua hii kukufikia. Ukiwa na kikao, ahirisha. Ukiwa na msiba, utamkuta msibani.

Nisalimie wifi, mwambie vitenge vimefika na Neema amekatiwa gauni. Nisalimie shangazi, mwambie Mama hakuibwa. Mjomba anayetunza ng'ombe wa Mama wakati hayupo mpe salamu, na mama mlezi wa kwaya aliyenifundisha kusoma noti. Mama akirudi, usimwulize maswali siku ya kwanza. Mwache apumzike, atakusimulia mwenyewe, na najua ataanza na makande.

Ni mimi mdogo wako, mke wa Bisimwa,
Eliwaza