Kibao King'oe, Babu

Duluth, Minnesota
Aprili 28

Babu Harlan mpenzi,

Huku theluji bado inatuchezea. Mama amenionyesha picha ya kibao ulichosimamisha mbele ya nyumba yako: jina langu, na rangi za chuo chako. Umewahi mno, Babu. Sijakubali kusoma huko Texas.

Nitasoma hapa Minnesota. Najua utafoka: "Mtoto kichwa ngumu huyu! Texas imekukosea nini?"

Nitakwambia. Mwaka jana tulikwambia dada Corinne amelazwa kwa kidole tumbo. Tulikuficha. Mimba ilikuwa inaharibika, akavuja damu ndani ya gari nje ya hospitali, madaktari wakiogopa kumsafisha wasije wakafungwa kwa ile sheria ya Texas ya kukataza utoaji mimba, uliyoipigia makofi. Nilikuwa likizo kwake. Mimi ndiye niliyemshika mkono.

Sisomi mahali ambapo daktari lazima amuulize wakili kwanza.

Corinne naye anafunga saluni yake hapo mjini kwenu, anaihamishia huku Agosti. Wateja wake wameshajua. Wewe bado, maana anakuogopa.

Kibao king'oe kwa mkono wako. Kisha mpigie Corinne simu, na safari hii usiongee, msikilize.

Mjukuu wako, kichwa ngumu kama wewe,
Maren